Muratina Niliyoiosha

Mzee aliyekuja kuwa baba mkwe wangu hakunikataa, na hilo ndilo lililonisumbua. Angenikataa ningerudi Ruiru na hasira zangu, nikalala, mambo yakaisha. Badala yake alinikalisha kwenye kigoda nje ya nyumba yake kule Gatuanyaga, akanitazama viatu, akanitazama mikono, kisha akasema, "Wewe ni mtoto wa misheni."

Nikasema ndiyo.

"Watoto wa misheni wanakujanga hapa na chai na mkate. Mimi chai niko nayo. Kama unataka hii msichana, lete muratina. Na si ya kununua. Lete ile imetengenezwa kwa nyumba yenu."

Nilikubali upesi mno, kama mtu aliyetumwa maji mtoni. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na sijawahi kuonja pombe, sembuse kuitengeneza. Binti yake, ambaye ndiye aliyenipeleka pale, alikuwa amesimama mlangoni. Aliposikia nimekubali aliziba mdomo kwa kiganja, na mpaka leo hajaniambia kama alikuwa anacheka au anaogopa.

Muratina ni pombe ya kwetu, ya maji ya miwa au ya asali, na mazungumzo ya kuoa hayakuwa mazungumzo bila hiyo. Siku yenyewe msichana angeitwa mbele ya wazee na kuulizwa kama pombe ile inywewe. Akiinywa yeye kwanza, amekubali kuolewa. Akiirudisha, wageni wanabeba vibuyu vyao wanaondoka. Kwa hiyo pombe yangu ilikuwa inakwenda kuwekwa mdomoni mwa mtu ambaye kulala kwangu na kuamka kwangu kulikuwa kumeshamtegemea. Na kulikuwa na mtu wa Ngoliba, mwenye mbuzi wengi na baba aliye hai, ambaye alikuwa amekwisha kutuma ujumbe kwa mzee yule yule.

Mimi baba sikuwa naye. Alikufa kwa kichomi nikiwa mdogo, na mama akanichukua mpaka misheni, Thika, akawa anafua mashuka huko. Mama alikuwa mtu wa wokovu kwelikweli. Hata siki hakutaka ikae ndani ya nyumba, eti ina nia mbaya. Nilisomea huko, nikajifunza kufunga vidonda, na miaka ya hamsini ilipokuwa inaelekea ukingoni nilikuwa dresa katika dispensari ndogo ya shamba la kahawa, Ruiru. Watu wa laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari, waliniita daktari, nami sikuwasahihisha.

Kazi ya dresa ni moja: kupigana na uchafu. Nilichemsha sindano, nilichemsha koleo, nilichemsha hata kitambaa cha kufutia meza. Mikono yangu niliosha kwa sabuni nyekundu ya kaboliki mara nyingi kwa siku hata ngozi ikawa inapasuka. Watu walisema wananisikia harufu kabla hawajaniona. Msichana wa Gatuanyaga alikuwa mchuma kahawa. Alikuja kwangu na kidole kilichokatwa na panga, nikakifunga. Akarudi tena kufunguliwa, akarudi na mara ya tatu wakati kidole kilikuwa kimepona kabisa. Nilikisafisha vilevile.

Basi ndiyo nikaanza kutengeneza pombe, na nilianza kama nilivyofundishwa kuanza kila kitu, kwa daftari.

Nilijua mambo mawili tu. Kwanza, pombe inatokana na kitu kitamu. Pili, mshahara wangu haukutosha asali. Asali ilikuwa kitu cha watu wenye mizinga, na mzee wa Gatuanyaga alikuwa na mizinga mingi, kwa hiyo hata nikiinunua ningekuwa nampelekea chake. Nikaenda Thika, duka la Mhindi, nikanunua kipande cha sukari guru. Nikakiyeyusha kwa maji niliyochemsha na kuyachuja, nikayatia katika chupa ya dawa iliyokwisha, nikaifunga kwa pamba safi, nikaiweka juu ya kabati. Niliandika siku, saa na rangi. Kwa nini nisingefaulu? Nilikuwa na akili, nilikuwa na chupa.

Siku tatu hakuna kitu. Siku ya sita ukungu wa kijani ulitanda juu kama blanketi. Nilijaribu tena, bila pamba safari hii, nikapata nzi na kitu kikali kilichonichoma pua. Ile siki ambayo mama alikuwa ameipiga marufuku nyumbani sasa nilikuwa naitengeneza mwenyewe. Lakini nakiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimeweka maji na sukari, na nilipogeuza mgongo kitu fulani kikaja, kikala, kikaacha kitu kingine. Nilitaka kumjua huyo mgeni. Niliinusa ile chupa kila asubuhi kabla ya kufungua dispensari, nikiandika harufu zake. Katika daftari lile kuna mstari unaosema, "Leo inanuka kama soksi za posta." Sijui nilimaanisha nini.

Hatimaye ilinibidi niulize mtu. Na mtu wa kuuliza pale shambani alikuwa mmoja, mlinzi wa ghala la kahawa.

Huyu mlinzi alikuwa mzee mfupi mwenye maringo makubwa. Alikaa mchana kutwa juu ya gunia mlangoni mwa ghala, rungu magotini, kikopo cha ugoro mfukoni, akiwasema watu wanaopita. Kijana huyu anatembea vibaya, mama yule amefunga mzigo vibaya. Mkewe alikuwa amekufa, watoto hakujaliwa, na kitu pekee alichojivunia, akajivunia mpaka watu wakachoka, ni muratina yake. Siyo pombe. Vile vipande.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba pombe yetu inaitwa kwa jina la tunda. Kuna mti unaozaa matunda marefu mazito, yananing'inia kwa kamba kama mizigo ya mtu aliyehama. Watu hawali tunda hilo. Hulipasua, hulikausha juani, likabaki jepesi lenye nyuzinyuzi kama dodoki la kuogea. Vipande hivyo ndivyo hutumbukizwa katika maji ya miwa, na vikishatumbukizwa maji huanza kuchemka yenyewe bila moto. Pombe ikiisha, vipande hutolewa, huanikwa, huwekwa mpaka safari nyingine. Mlinzi alikuwa na vipande vinane. Vilikuwa vya baba yake kabla ya kuwa vyake.

Nilimweleza shida yangu. Alinisikiliza akinusa ugoro.

"Wewe hakuna mtu wa kwenu?" aliuliza.

"Nina mama tu. Na yeye ameokoka."

"Ngai! Sasa ulifikiri utapika pombe peke yako kama chai?" Alipiga chafya, akafuta macho. "Huyo mzee hataki pombe, daktari. Pombe iko kila mahali. Anataka kujua nyuma yako kuna nani. Nani amekupatia muratina, nani amekutwangia miwa, nani atabeba kibuyu. Ukienda mikono mitupu atajua wewe ni mti moja kwa shamba."

Sikupenda kuambiwa hivyo. Nilimjibu kwamba kutengeneza pombe ni ufundi, na ufundi mtu anaweza kujifunza. Akanitazama kama anavyowatazama wale wanaofunga mizigo vibaya. Hata hivyo, jioni ya Jumamosi kabla jua halijatua alikuja dispensari na kifurushi cha ngozi ya mbuzi, akakiweka juu ya meza yangu safi.

"Nane," alisema. "Nataka kurudishiwa nane. Na siku ya kwenda Gatuanyaga nitakuwa mzee wako, nitaongea. Lakini ukiniaibisha nitasema mbele ya watu wote ni wewe uliharibu, si muratina yangu. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Siku hizo mtu hakupika pombe ovyo. Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni ilikuwa imelegea lakini haijaondoka, na kwenda Thika tu kulitaka pasi mfukoni. Kupika pombe kulitaka cheti cha chifu. Nilikuwa nimeshapewa cheti cha siku tano kuanzia Jumapili, kupika na kunywa, mara moja, kwa ajili ya mahari. Karani aliyekigonga muhuri alinionya kwamba kikipita nisirudi kuomba kingine mpaka mwaka ugeuke. Mtu wa Ngoliba hangengoja mwaka ugeuke. Nikahesabu siku kwa vidole: miwa kesho, pombe kesho kutwa, na siku ya tano Gatuanyaga.

Usiku ule, kabla sijalala, nilifungua kifurushi.

Naomba msomaji aone nilichokiona mimi, kwa macho ya mtu niliyekuwa. Vipande vilikuwa vyeusi. Vilikuwa na masizi ya paa, utando wa buibui, na kitu cheupe kama unga kilichokauka ndani ya nyuzi. Vilinuka kama kitanda cha mgonjwa. Na kitu hiki kilikuwa kinakwenda kinywani mwa yule msichana! Kulipokucha niliwasha jiko la mafuta ya taa, nikachukua sufuria ya sindano, nikachukua sabuni nyekundu na brashi ya kucha. Nilisugua kipande kimoja kimoja. Povu lilitoka jeusi, likatoka kijivu, likatoka jeupe. Kisha nikavichemsha nusu saa kamili kwa saa ya ukutani, nikavianika juu ya taulo safi. Vilipokauka vilikuwa na rangi ya mkate. Nilisimama nikavitazama kwa fahari. Nilifikiri mlinzi ataniomba nimfundishe.

Miwa niliipata kwenye bonde karibu na mto, kwa bibi mmoja niliyekuwa nimemtibu mguu, na wanawake wa laini wakaja kutwanga. Sikuwaita. Mlinzi aliwaambia, na wao wakaja na vinu vyao, wakamenya, wakatwanga, wakakamua kwa mikono mpaka maji ya kijivu yenye utamu yakajaa vibuyu viwili vikubwa. Waliimba nyimbo za kunicheka. Nilitumbukiza vipande vinne huku na vinne kule. Nikaviweka karibu na meko katika chumba changu, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa pombe inataka joto, nikavifunika kwa kabuti langu la kazi.

Mlinzi alikuja, akainama, akaweka sikio kwenye kibuyu cha kwanza. "Kesho asubuhi itaimba," alisema, akaenda zake. Hakufunua.

Asubuhi niliamka kabla ya jogoo wa jirani, nikaweka sikio. Kimya. Nikaweka kwa cha pili. Kimya. Niliosha themometa ya dispensari, nikaitumbukiza nikipima homa ya pombe. Joto lilikuwa zuri tu, mgonjwa hana homa, hana baridi. Nikaandika. Nikaongeza kuni. Adhuhuri nikapima tena, nikaweka sikio mpaka likaniuma. Maji yalikuwa yamelala kama maji ya mtungi. Nilionja kidogo kwa kijiko: utamu mtupu, utamu wa miwa, na nyuma yake kitu kingine nilichokifahamu vizuri kuliko mtu yeyote katika wilaya nzima. Sabuni.

Nadhani nilijua wakati huo huo. Nilikaa sakafuni, kijiko mkononi, nikaona mambo yote yamejipanga mbele yangu. Yule mgeni niliyekuwa namtafuta katika chupa zangu, niliyemwandikia daftari zima, alikuwa akiishi ndani ya vile vipande. Ule unga mweupe ndio ulikuwa yeye. Alikuwa ameishi humo tangu kwa baba wa mlinzi, analala akianikwa, anaamka akitiwa utamu. Nikamchukua nikamchemsha nusu saa. Mtu ambaye kazi yake ni kuua vijidudu alipewa vijidudu vya ukoo kuvitunza, akaviua kwa bidii.

Niliona haya hata nikatoka jasho. Nilifikiria kusema uongo, sikatai. Nilifikiria kusema labda miwa ilikuwa mibaya. Lakini mlinzi angekuja jioni na kuweka sikio lake, na sikio lile nisingelidanganya. Nikaenda ghalani mchana ule ule, nikasimama mbele ya gunia lake.

"Mzee, nimeosha muratina."

"Umefanya nini?"

"Nimeosha. Kwa sabuni. Halafu nikachemsha."

Nilitamani anipige na rungu. Ugoro ulikuwa kiganjani, akausahau, upepo ukauchukua wote. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Zote nane?"

"Zote."

"Haiya. Ile iliniozesha mimi mke," alisema. "Ile iliozesha baba yangu. Nani alikuambia uoshe?"

"Hakuna."

"Na nani alikuambia usioshe?"

"Hakuna, mzee."

Akafumba macho. Kule kwao, nadhani, hakuna mtu aliyewahi kuhitaji kuambiwa. Mtoto aliona baba yake akianika, akatundika, akanyamaza. Mimi niliona mashuka yakifuliwa. Tulibaki hivyo, yeye juu ya gunia, mimi nimesimama, na wachuma kahawa wakipita na madebe yao wakitutazama. Nilisema nitaandika barua Gatuanyaga kwamba nimeshindwa. Hapo ndipo aliposimama.

"Funga mdomo," alisema. "Shika hii rungu. Linda ghala."

Akaondoka kwa miguu yake mifupi kuelekea mtoni, na mimi, daktari, nikabaki nikilinda ghala la kahawa nikiwa na koti jeupe. Watu walicheka sana siku ile. Alirudi jua likiwa limeinama, na kikopo cha ugoro kimeoshwa na kujazwa machicha, mashapo mazito ya pombe ya mzee mmoja wa ng'ambo ya mto aliyekuwa na cheti chake na harusi yake. Aliwahi kukosana na huyo mzee kwa sababu ya mbuzi, wakakaa miaka bila kusalimiana. Hilo nililijua baadaye. Siku ile aliniambia tu, "Hii nimeomba. Mimi nimeenda kuomba."

Tulikaa mekoni kwangu. Alivitoa vipande vyote, akavinusa kimoja kimoja, na kila alipovuta pumzi alinitazama. Vitano alivitupa pembeni, akavirudisha, akavitupa tena. Vitatu alivipaka machicha kwa vidole, taratibu, kama unavyompaka mtoto mafuta. Akavitia katika kibuyu kidogo chenye maji ya miwa ya vuguvugu na kunifanya nikikumbatie ndani ya kabuti. Nilimwuliza kwa nini vitatu, kwa nini vuguvugu, kwa nini mwili wangu na siyo meko. Nilimwuliza mpaka akasema, "Daktari, wewe ukizaliwa ulimwuliza mama yako maswali ngapi?" Lakini alijibu. Alijibu yote, na niliandika yote.

Kesho yake, saa za chai, nikiwa bado nimeukumbatia mzigo wangu, nilihisi kitu tumboni. Niliinamisha sikio. Ilikuwa sauti ndogo sana, kama mvua ya mbali juu ya majani. Nilipiga kelele, na mlinzi akaacha ghala lake bila mtu kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akaja akasikiliza, akasema, "Inanung'unika. Haijaimba. Lakini iko hai." Nilitokwa na machozi, na sikuyaficha.

Tukaimimina katika vibuyu vikubwa. Ilibaki siku moja na nusu. Muratina nzuri ingekuwa imekwisha kukomaa, yetu ndiyo kwanza inatambaa. Mama alikuja kutoka Thika asubuhi ya safari akiwa amevaa gauni lake la kanisa. Alivitazama vibuyu kwa mbali. "Mimi sitaki kujua ni nini iko ndani," alisema. "Lakini funika vizuri, barabara ina vumbi." Kisha akatoa kitambaa chake cheupe cha kichwa, akafunika mwenyewe.

Lori la shamba lilitufikisha Thika, na kutoka hapo wanawake wa laini wakabeba vibuyu mgongoni kwa kamba za kichwani mpaka Gatuanyaga, vumbi jekundu likitufika magotini. Mlinzi alikuwa ameazima koti. Njia nzima hakunisemesha. Nilikumbuka alivyoapa kusema mbele ya watu wote nani ameharibu, na sikumlaumu. Niliionja pombe ile tulipopumzika. Ilikuwa tamu mahali pa ukali, kali mahali pa utamu, haina povu, na juu ya yote ilikuwa na harufu ya dispensari. Sabuni ilikuwa imeingia ndani ya nyuzi za vile vipande na imekataa kutoka.

Wazee walikuwa wamekaa tayari. Mlinzi aliongea vizuri sana, kwa mafumbo marefu ya ndama aliyepotea na zizi lililomwona, mpaka nikasahau kwamba ndama ni mimi. Kisha pombe ikamiminwa katika pembe ya ng'ombe, na msichana akaitwa.

Alitoka akiwa ameinamisha macho. Baba yake akamwuliza, "Hii pombe imeletwa na hawa watu. Tunywe?"

Alipokea pembe kwa mikono miwili. Kile kidole nilichokifunga kilikuwa na kovu dogo. Aliipeleka karibu na uso, akanusa, akasita. Nilihesabu pumzi zangu, nikafika nane. Nilikuwa tayari kuokota vibuyu. Kisha akanywa. Desturi ilitaka anywe funda moja tu, lakini yeye aliinamisha pembe mpaka ikaisha, akampa baba yake ikiwa tupu.

Wakaijaza tena. Mzee akanywa. Nikaona uso wake ukikunjamana kuanzia kidevuni mpaka kwenye kipara. Alimeza, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu, akamgeukia mlinzi.

"Mzee," alisema, "hii muratina ni ya nani?"

Nyuki walisikika mizingani. Mlinzi aliweka mikono juu ya fimbo yake. Hapa ndipo, nilifikiri. Na ilikuwa haki yake.

"Ni yangu," alisema. "Ilikuwa ya baba yangu. Huyu kijana aliosha na sabuni kwa sababu hakuna mtu alimwambia asioshe, na mimi ndiye nilikuwa nimwambie, nikasahau yeye hakuona baba yake. Kwa hivyo kama kuna kosa hapo ndani, ni kosa ya nyumba yetu."

Alisema nyumba yetu. Mama, aliyekuwa amekaa na wanawake, aliinua kichwa. Mimi niliangalia chini kwa sababu sikuweza kuangalia mahali pengine.

Mzee wa Gatuanyaga alimtazama mlinzi muda mrefu, akanitazama mimi, kisha akamgeukia binti yake aliyekuwa bado amesimama.

"Na wewe umekunywa yote. Hukusikia sabuni?"

"Nilisikia, baba," alisema. "Ndiyo nikajua ni yeye ametengeneza."

Wanawake wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akanyoosha pembe mbele ya mlinzi wangu, akasema, "Basi ongeza."